Kufundisha lugha bila shahada ya ualimu: njia nne na watu zinaowafaa

Umesomea sheria, uhasibu, uhandisi au isimu, na lugha unaimudu kiasi kwamba watu wanakufuata uwafundishe. Sasa unataka kazi hiyo iwe rasmi. Ukianza kutafuta unapokewa na vifupisho: TEFL, TESOL, CELTA, PGCE, PGDE, QTS. Kila tangazo linaapa kwamba cheti chake "kinatambulika kimataifa". Hapo uliza tu: kinatambuliwa na nani, na kwa kazi gani?

Kurudi chuoni miaka mitatu au minne kusomea ualimu kuanzia mwanzo si lazima. Njia nyingine zipo, na nyingi ni halali kabisa. Tatizo ni kwamba zote zimetiwa kapu moja ilhali hazifanyi kazi moja.

Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha chochote, tenga cheti na leseni. Cheti hutolewa na taasisi ya mafunzo au bodi ya mitihani, na humwambia mwajiri kwamba umefunzwa kazi. Leseni au usajili hutolewa na serikali au baraza la walimu, nayo ni ruhusa ya kisheria ya kusimama mbele ya darasa la shule ya umma. Vituo vya lugha, kampuni zinazowasomesha wafanyakazi wao na wanafunzi wa mtandaoni kwa kawaida huridhika na cheti. Shule za umma karibu kila mahali hutaka leseni. Mtu aliyemaliza CELTA, cheti kinachojulikana cha kufundisha Kiingereza, kwa daraja la juu kabisa anaweza kukataliwa na shule ya msingi ya serikali asubuhi, na mchana akagombaniwa na vituo viwili vya lugha. Wote watatu watakuwa wamefuata taratibu zao.

## Vigezo nilivyotumia

Nimeitazama kila njia kwa vigezo vitano: inafungua mlango gani, inataka uingie na nini, inakupa saa ngapi za kufundisha ukitazamwa, inakula muda na nguvu kiasi gani, na ikivuka mpaka wa nchi inabaki na thamani gani.

Cha tatu ndicho nakipa uzito zaidi, wala sitajifanya sina upande. Kuijua lugha na kuifundisha ni kazi mbili. Mzungumzaji hodari wa Kiswahili akiulizwa na mgeni kwa nini tunasema "kitabu kimeanguka" lakini "kipofu ameanguka", ilhali maneno yote mawili yanaanza na ki-, mara nyingi hujibu kwamba ndivyo inavyosemwa. Mwanafunzi anaandika hivyo daftarini na kesho anakosea palepale. Kueleza kwamba majina ya watu na wanyama huchukua upatanisho wao wenyewe hata jina likiwa na umbo la ki-, kisha kubuni zoezi la dakika kumi la kuliingiza jambo hilo kichwani, ni ufundi. Ufundi huo hupatikana mtu mwenye uzoefu akikutazama ukifundisha na kukuambia ulipoharibu.

## Njia ya kwanza: cheti kifupi cha mtandaoni

Hiki ndicho kinachotangazwa kuliko vyote, kwa kawaida kikiitwa TEFL au TESOL cha saa 120, yaani cha kufundisha Kiingereza kwa wasio wazawa wa lugha hiyo. Jina hilo si mali ya bodi yoyote. Kampuni yoyote inaweza kuunda kozi na kuiita hivyo. Ndiyo maana ubora wake unatofautiana mno. Baadhi ya kozi ziko chini ya bodi zinazosimamiwa na Ofqual, chombo kinachodhibiti vyeti na mitihani nchini England, na unaweza kuzikagua katika rejista yake iliyo wazi kwa umma. Nyingine zimepewa ithibati na shirika ambalo, ukilichimba kidogo, unakuta halina mamlaka yoyote nje ya tovuti yake.

Mlango unaofunguka ni wa kufundisha mtandaoni, vituo vidogo, kazi za kujitolea na baadhi ya nchi zinazotumia cheti hiki katika masharti ya kibali cha kazi. Nchini China, kwa mfano, cheti cha aina hii kimekuwa kikikubaliwa badala ya uzoefu wa miaka miwili, lakini hakiondoi sharti la shahada ya kwanza wala lile la kufundisha lugha yako ya kwanza.

Masharti ya kuingia ni machache: umri, kiwango fulani cha lugha, na ada. Saa za kufundisha ukitazamwa mara nyingi ni sifuri. Muda ni wiki chache, na unasoma usiku baada ya kazi bila kuomba ruhusa kwa mtu. Kuhusu kuvuka mipaka, yote yamo mikononi mwa mwajiri: mmoja atakipokea, mwingine hatakisoma hata jina.

Kinamfaa anayetaka kuonja kazi kabla ya kujitosa, na anayefundisha tayari ambaye mwajiri wake anataka karatasi tu. Hakimfai anayedhani kitampeleka shule ya umma. Naona pia kinasemwa vibaya kupita kiasi: kozi nzuri ya aina hii inakufundisha kuandaa somo, kutofautisha viwango vya wanafunzi na kuitazama sarufi kwa jicho la mgeni. Kukukosoa ukiwa mbele ya watu ndiko hakuwezi.

## Njia ya pili: CELTA na Trinity CertTESOL

Hivi ni vyeti viwili vinavyojulikana zaidi na vituo vya Kiingereza duniani. CELTA hutolewa na Cambridge, CertTESOL na Trinity College London, na vyote vimewekwa ngazi ya 5 katika mfumo wa vyeti wa England. Kwa mwajiri vina uzito unaokaribiana sana, kwa hiyo ukikosa nafasi kwenye kimoja usisite kuomba kingine.

Mlango ni wa vituo vya lugha vyenye jina, vyuo binafsi, kozi za kampuni, na mara nyingi Kiingereza cha watu wazima. Leseni ya shule ya umma haimo ndani yake.

Shahada si sharti. Inatakiwa uwe na umri wa miaka 18 au zaidi, elimu inayotosha kukuingiza chuo, na Kiingereza cha kiwango cha juu, C1 ya juu au C2, ngazi mbili za mwisho katika mizani ya Ulaya ya kupimia lugha. Si lazima uwe mzawa wa lugha hiyo. Utapewa zoezi la lugha na usaili kabla ya kukubaliwa, na usaili huo si wa kukamilisha fomu, watu hukataliwa.

CELTA ina angalau saa 120 za mafunzo na wakufunzi, na CertTESOL angalau 130. Katika vyote viwili unafundisha kwa saa 6 ukitazamwa, wanafunzi wakiwa watu halisi waliokuja kujifunza, wa viwango viwili tofauti. Saa sita zinasikika chache mpaka uzione zinavyokwenda. Mkufunzi ameketi nyuma akiandika. Wenzako wako pembeni nao wanaandika. Umepewa dakika arobaini. Umeeleza zoezi mara tatu, kila mara kwa maneno mapya, kisha ukauliza "mmeelewa?", na darasa zima likajibu ndiyo. Karatasi zinagawiwa, na hakuna anayeanza. Baadaye mkufunzi anakuonyesha kosa lenyewe: ungeishika karatasi juu, ukafanya mfano mmoja na mwanafunzi mmoja mbele ya wengine, ukauliza "mnaandika au mnazungumza?", wangeanza kazi kabla hujamaliza sentensi. Kesho yake unafundisha tena, na "mmeelewa?" inakukaba kooni.

Trinity ina jambo ambalo nalipenda hasa: sehemu ya lugha usiyoijua. Unaketi kama mwanafunzi, unafundishwa kwa saa chache lugha ambayo hukuwahi kuisikia, kisha unaandika ulivyofundishwa na ulivyojisikia. Baada ya hapo huwezi tena kumshangaa mwanafunzi aliyenyamaza.

Kwa muda wote, ni wiki nne au tano za kubanwa kwelikweli au miezi kadhaa ya nusu siku. Wiki hizo hazichanganyiki na ajira. Usiku unaandika andalio la somo, asubuhi unalifundisha, mchana unachambuliwa, na katikati kuna kazi za kuandika, nne kwa upande wa CELTA. Kozi ya mtandaoni kabisa ipo pia, mazoezi yakifanyika kwa video. Ni cheti kilekile, ila hutazoea kutembea kati ya madawati.

Kuhusu mipaka, hiki ndicho cheti kinachosafiri vizuri kuliko vyote kwenye makala haya, alimradi unabaki upande wa vituo vya lugha na unafundisha Kiingereza.

Kinamfaa anayetaka kuishi kwa kufundisha lugha kwa watu wazima, asiye na shahada lakini mwenye kazi nzuri mkononi, na anayejua kwamba atahama nchi zaidi ya moja. Ukitaka kupanda zaidi, mbele kuna Delta ya Cambridge, iliyo ngazi ya 7, ambayo huombwa na wenye uzoefu wa darasani.

## Njia ya tatu: stashahada ya uzamili katika elimu

PGCE, PGDE na ndugu zake ni kwa mwenye shahada ya kwanza isiyo ya ualimu. Mfumo huu upo katika nchi nyingi za Jumuiya ya Madola, na mara nyingi ndio unaoongoza kwenye usajili wa kisheria.

Mlango ni shule yenyewe, ya umma na ya binafsi. England kozi nyingi za PGCE huambatana na QTS, yaani hadhi ya mwalimu aliyehitimu. Scotland aliyemaliza PGDE husajiliwa na baraza la walimu, na bila usajili huo hafundishi shule ya umma.

Masharti ni mazito. Shahada inatakiwa, na si shahada yoyote tu: somo utakalofundisha liwe na mizizi ndani yake. Aliyesomea uhandisi akaomba kufundisha Kifaransa ataulizwa ushahidi wa Kifaransa chake. England huwa na kozi za kuimarisha somo kabla ya PGCE kwa watu wa aina hiyo, na kwa waombaji wa kawaida kuna sharti la kufaulu Kiingereza na hisabati za sekondari. Hapa ndipo wengi wanapokwama, si kwenye lugha. Hisabati ya miaka kumi na mitano nyuma inarudi kudai haki yake.

Kwa upande wa mazoezi, njia hii haina mshindani. PGCE ya England inakuweka ndani ya shule sehemu kubwa ya mwaka, na lazima upitie zaidi ya shule moja. Unaonja yote: wito wa mahudhurio, mtoto asiyetulia, mzazi aliyekuja na malalamiko, madaftari thelathini ya kusahihisha, na mtaala ambao hukuuandika wewe.

Muda ni mwaka mmoja wa masomo, bila nafasi ya kazi nyingine ya maana. Na haishii hapo. England mwalimu mpya huingia kipindi cha miaka miwili cha malezi kazini, akilipwa mshahara, kabla hajahesabika amekomaa.

Kuvuka mpaka kunawezekana ila si kwa kupunga mkono. Nchi unayohamia itataka kukagua matokeo, saa za mazoezi na hati ya usajili kutoka ulikotoka. Kuwa makini pia na PGCE za kimataifa zinazosomwa kwa mbali: cheti ni cha kweli, lakini peke yake haikupi QTS. Wapo waliojua hilo baada ya kuhitimu.

Inamfaa anayetaka shule, mtaala, watoto na pensheni. Kwa anayetaka kufundisha watu wazima jioni mara tatu kwa wiki, ni kununua lori kwa ajili ya kubebea mkoba.

## Njia ya nne: leseni ukiwa kazini

Baadhi ya nchi, hasa zenye upungufu wa walimu, humwingiza mwenye shahada darasani kwanza na kumfunza akiwa ndani. Marekani ilianza mapema. New Jersey na Texas zilikuwa na utaratibu huo tangu katikati ya miaka ya 1980. Teach For America, iliyoanza kupeleka walimu wake shuleni mwaka 1990, na Teach First ya England, iliyoanzishwa 2002, zinafuata wazo hilohilo kwa ahadi ya miaka miwili. Ujerumani nayo ina mlango wa pembeni kwa wenye shahada za fani nyingine, ila kila jimbo lina masharti yake.

Mlango unaofunguka ni shule ya umma, moja kwa moja. Masharti ni shahada ya kwanza, kukubaliwa na programu iliyoidhinishwa, ukaguzi wa rekodi ya jinai na mitihani. Kwa lugha za kigeni, baadhi ya majimbo ya Marekani hupima umahiri kwa mitihani ya ACTFL, baraza la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni. New Jersey hutaka mwalimu wa lugha afikie kiwango kiitwacho Advanced Low, yaani mwanzo wa ngazi ya juu, katika usaili wa mazungumzo, na huyo hata awe mzawa wa lugha hiyo lazima aufanye.

Saa za kufundisha? Zote, tangu siku ya kwanza. Ila kutazamwa ni jambo jingine. Programu nzuri inakupa mlezi anayeingia darasani mwako na kukaa nawe baadaye. Programu dhaifu inakupa ufunguo wa chumba na kukutakia kila la heri. Ukiomba, uliza mlezi atakuja mara ngapi kwa muhula na ni nani. Jibu la kusitasita ni jibu tosha.

Mzigo ndio mkubwa kuliko wote. Unafundisha mchana, unasoma usiku, na wanafunzi hawajui kwamba wewe pia ni mwanafunzi. Faida ni mshahara, na kwa mtu mwenye familia inayomtegemea hilo laweza kumaliza mjadala mzima.

Kuvuka mipaka ni udhaifu wake. Leseni ya jimbo moja la Marekani haihamii jingine yenyewe; mikataba ya kutambuana ipo, lakini nyaraka na wakati mwingine mitihani hufuata. Nje ya nchi ugumu unaongezeka.

Inamfaa mwenye shahada, mwenye kibali cha kuishi na kufanya kazi katika nchi husika, asiyeweza kukaa mwaka bila kipato. Awe na ngozi ngumu pia.

England kuna tawi dogo linalofaa kutajwa: mwenye shahada aliyefundisha miaka kadhaa bila hadhi rasmi, katika shule zaidi ya moja, anaweza kupimwa tu na kupewa QTS bila kurudia mafunzo. Kwa mtu wa namna hiyo njia nyingine zote ni kujisumbua.

## Ikiwa lugha yako si Kiingereza

CELTA na CertTESOL haziwahusu walimu wa Kifaransa, Kijerumani au Kijapani, ingawa mbinu zake hufundisha chochote. Kifaransa kina stashahada ya DAEFLE, inayoandaliwa na CNED, taasisi ya serikali ya Ufaransa ya masomo ya mbali, pamoja na Alliance Française ya Paris, na husomwa kwa mbali. Kijerumani kina mafunzo ya walimu ya Goethe-Institut, Deutsch Lehren Lernen. Kwa anayetaka kufundisha kozi za wahamiaji nchini Ujerumani kuna idhini ya ofisi ya uhamiaji, BAMF, ambayo ni jambo la kando na cheti.

Japani ilichukua hatua kubwa zaidi. Tangu Aprili 2024 ina usajili wa kitaifa wa walimu wa Kijapani, unaopatikana kwa mtihani na mafunzo ya vitendo, na mtihani huo hauulizi una shahada gani.

Kwa Kiswahili, mzungumzaji mwenye shahada anaweza kuomba programu ya Fulbright ya wasaidizi wa kufundisha lugha katika vyuo vya Marekani. Ni mwaka mmoja wa masomo wa uzoefu mzuri unaoonekana kwenye wasifu. Leseni haitoki humo.

Shahada ya uzamili ya TESOL nimeiacha nje ya mizani kwa makusudi. Inafungua vyuo vikuu na uandishi wa mitaala, lakini nyingi hazina mazoezi ya kutosha wala hazileti leseni, isipokuwa ziwe zimeundwa kwa ajili hiyo. Ni hatua ya pili, mara chache ya kwanza.

## Pasipoti nayo inahesabika

Hili halimo kwenye matangazo. Viza ya E-2 ya Korea Kusini kwa walimu wa Kiingereza kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi saba tu, na inataka shahada ya kwanza. Cheti chochote hakibadilishi uraia. Kwa hiyo anza na nchi unayoilenga: soma masharti ya kibali chake cha kazi, kisha ya mamlaka yake ya walimu, halafu ndipo uchague kozi. Wanaoanza na kozi hujikuta wakitafuta nchi itakayokubali karatasi waliyonayo.

Na kabla ya kulipa, mwandikie mwajiri mmoja au wawili unaowatamani, uwaulize kama wanakikubali cheti hicho kwa jina lake. Barua ya mistari mitatu inatosha.

## Kwa hali yako

Huna shahada, na unataka kufundisha Kiingereza kwa watu wazima: CELTA au CertTESOL. Kama ada haijapatikana, anza na kozi fupi iliyo chini ya bodi inayodhibitiwa, fundisha, weka akiba.

Una shahada ya lugha au isimu na unataka shule ya umma: stashahada ya uzamili, katika nchi ileile unayotaka kufundisha kama unaweza. Kusajiliwa ulikosomea ni rahisi kuliko kuhamisha.

Una shahada ya fani ya mbali, kama uhandisi: pima lugha yako kwa mtihani rasmi kwanza. Matokeo yakiwa mazuri, tafuta kozi ya kuimarisha somo au njia ya kazini inayopima umahiri badala ya jina la shahada.

Una familia na huwezi kuacha mshahara: njia ya kazini kama nchi yako inayo, kama haina, CELTA ya nusu siku.

Umekuwa ukifundisha miaka mingi bila karatasi: uliza kwanza kuhusu kupimwa kwa uzoefu, na beba ushahidi, yaani maandalio ya masomo, barua za wakuu wa shule na ripoti za waliokutazama.

Hujui kama kazi yenyewe utaipenda: usilipe kozi kubwa bado. Omba kituo cha karibu wakuruhusu ukae nyuma ya darasa kwa wiki moja, kisha ufundishe dakika ishirini mwalimu akiwepo.